"Mmenitolea upepo, wiki haijaisha pedali imelala tena"

Hayo malalamiko hapa gereji hayaishi. Juzi karudi kaka mmoja wa Hiace ya abiria, kakunja uso, eti tumekula hela yake, klachi tumetoa upepo na gia zinagoma vile vile.

Jamani tuelewane. Klachi ya mafuta ukikanyaga, masta ya juu, pampu ndogo ya kwenye pedali, inasukuma mafuta ya breki kwenye bomba, masta ya chini inayapokea na kusukuma uma wa klachi, pleti inayounganisha injini na giaboksi inaachia. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, kwa hiyo ukiwepo kwenye njia mguu unaishia kuuminya wenyewe, pleti haiachii, gia haziingii na rivasi ndo ya kwanza kukwaruza.

Sasa upepo hauzaliwi mle ndani, umeingilia mahali, na mara nyingi ni pale pale mafuta yanapotokea. Mafuta ya breki kwenye breki yanashuka pedi zikilika, sawa, lakini ya klachi hata pleti iishe kabisa hayashuki, ukiona yamepungua yanavuja, basi. Huyo kaka siku ile ile tulimvulia raba ya vumbi ya masta ya chini akaona palivyolowa kwa macho yake, akasema toeni upepo kwanza nina abiria, raba nitarudi. Haya, nani kamwibia nani?

Na wale wa kupampu pedali mara tatu nne ndo waingize gia, siku zinaenda, sinkro, zile pete zinazolainisha gia kuingia, zinalika, halafu bili ya giaboksi ikija fundi ndo mwizi.

Bei nayo. Mnasema kuna vijana wanatoa upepo kwa elfu tano. Nendeni tu. Hapa kwetu mmoja anakaa kwenye siti anapampu na kushikilia, mwingine yuko chini anafungua skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini na kuifunga KABLA mguu haujaachia, akichelewa kidogo inavuta upepo upya. Skrubu tunaivalisha mpira mweupe, ncha iko ndani ya chupa yenye mafuta, tunaangalia mapovu mpaka yaishe, na kopo la mafuta la juu haliachwi likauke. Yaliyotoka hatuyarudishi, tunaweka mapya ya DOT, yaani daraja la mafuta ya breki, iliyoandikwa kwenye kifuniko, maana mafuta haya yananyonya unyevu na kopo lililokaa wazi silitaki hata bure.

Kuna lori la Canter la nyanya lilitoka Ilula kule Iringa, utingo kaona kopo limekauka kamimina oili ya injini. Raba zikavimba, mafuta yakashindwa kurudi juu, pleti ikabaki imeachia nusu inateleza njia nzima na mzigo mgongoni. Inafika kwetu Msamvu, Morogoro, inanuka. Masta zote mbili, bomba la mpira, kusafisha njia, giaboksi chini, pleti mpya. Na kwenye gari ambazo klachi na breki wanatumia kopo moja, ukimimina oili umeua na breki.

Kama gari yako masta ya chini imekaa ndani ya giaboksi, kama nyingi za Ulaya, kuibadilisha lazima giaboksi ishuke, usianze kupatana nasi kama ya Hiace, sio kazi moja.

Ukija, usiongeze mafuta njiani na usipanguse pale juu ya pedali, tunataka tukute palivyolowa.