Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: turudishieni nafasi yetu katika filamu ya gwaride

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa subira yangu imefika mwisho. Wiki iliyopita filamu rasmi ya gwaride la taifa ilionyeshwa kwenye televisheni, na kikosi cha majeruhi wa vita, ambacho mimi ni mmoja wao, hakikuonekana hata kidogo. Uliahidi mbele yetu na mbele ya wajane wa wenzetu kwamba filamu hiyo itakuwa kumbukumbu ya jeshi zima. Nakukumbusha ahadi hiyo kwa sababu niliiamini.

Tulipita mbele ya jukwaa kuu kama walivyopita wengine, baadhi yetu kwa magongo, na kamera zilikuwa zimetuelekea. Lakini katika filamu, makombora yamepigwa picha kutoka chini ili yaonekane marefu, na kila kikosi kinapogeuza macho kulia kutoa heshima, picha inahamia kwenye uso wa Rais. Askari wa kike wanatabasamu tu, hakuna aliyeulizwa neno. Msimulizi naye anasema amani yetu ni matunda ya uongozi, bila kuwataja walioipigania. Kilichoniumiza zaidi ni sauti: vigelegele ambavyo wajane walitupigia sisi vimewekwa juu ya picha za vifaru.

Simjui aliyeagiza tukatwe. Nadhani kuna aliyeogopa kwamba mtu asiye na mguu, akionekana karibu na silaha mpya, atawafanya watazamaji waulize vita viligharimu nini, hasa uchaguzi unapokaribia.

Najua filamu za magwaride zimetengenezwa hivi tangu zamani. Hotuba ya Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, katika gwaride la Moscow la tarehe 7 Novemba 1941 ilirudiwa ndani ya ukumbi kwa sababu mafundi hawakuwahi kuirekodi, na watazamaji wakashangaa kuona hatoi mvuke mdomoni ilhali kulikuwa na baridi kali. Hapo, walau, walirudia jambo lililotokea. Filamu yenu imefuta watu waliokuwepo. Wafaransa waliposherehekea ushindi wa Vita vya Kwanza vya Dunia jijini Paris tarehe 14 Julai 1919, majeruhi wapatao 1,000 ndio waliotangulia, wengine wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu, kisha wakafuata majemadari juu ya farasi. Hakuna aliyeona kwamba jeshi limedhalilishwa.

Mguu wangu wa bandia umelegea, na ombi la kubadilishiwa halijajibiwa. Pensheni huchelewa, na anayeniuguza kidonda ni binti yangu, ambaye aliacha masomo kwa ajili hiyo. Hayo yote nimeyavumilia kimya, kwa kuwa niliamini angalau taifa linajua kwamba tupo. Binti huyo alikaa nami mbele ya televisheni hadi mwisho, akisubiri kuniona.

Mheshimiwa, leo siombi fedha wala mguu. Naomba filamu irudishwe kwa wahariri, sehemu yetu iingizwe pale ilipokuwa katika gwaride, na vigelegele vile virudishwe kwetu. Picha hizo mnazo. Tafadhali zirudisheni kabla nakala hazijagawiwa shuleni, maana watoto watakaoitazama huko hawatakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba tulipita.

Ni mimi,
Askari mstaafu, kikosi cha majeruhi