Kwa Afisa wa Mazingira: vifaranga wamo ukutani

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Naivasha. Juzi fundi alipanda ngazi nyuma ya ploti yetu na karai la simiti, tayari kuziba mianya iliyo chini ya paa. Nilimwomba asubiri, akacheka. Hajaupaka hata mwiko wa kwanza, mwanya ukalia: vifaranga. Mama yao alikuwa kwenye waya wa stima, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho kama miwani, akitupigia kelele kama anayedai kodi.

Unawajua. Ni cherero, jamii ya kasuku wadogo, ingawa wengi huku tunawaita kasuku tu. Si wenyeji. Hao wenye uso wa rangi ya chungwa kwao ni kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria. Huku waliletwa vizimbani, wengine wakatoroka, wengine wakaachiliwa. Binamu zao wenye kola ya manjano, Watanzania pia, walifika vivyo hivyo, wakaoana. Wengi tunaowaona leo kwenye migunga ya kando ya ziwa ni machotara.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema wakamatwe warudishwe kwao. Watapeleka damu iliyochanganyika huko ambako cherero halisi walipungua kwa kutegwa. Miaka ya 1980 walikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Wala sisemi tuwafuge kama kuku. Wanataga kwenye mashimo ya miti na kuta, na mashimo hayohayo ndege wetu kwezi nao wanayataka.

Ninaomba muda tu. Mayai hukaliwa siku 23 hivi, kisha kifaranga huruka akiwa na wiki sita hivi. Haizidi miezi miwili na ushei. Toa agizo fundi achungulie kabla ya kuziba. Akikuta kiota, angoje. Wakishatoka, aweke simiti siku hiyohiyo, maana wakiachiwa nafasi watataga tena. Na yeyote anayekuja kutuuzia jozi kwenye kizimba akatazwe. Watoto wakishawachoka (wangu walimchoka sungura kwa wiki mbili), mlango utafunguliwa na hesabu itaanza upya.

Karai bado liko chini ya ngazi, simiti imeshaganda ndani yake. Mwenye nyumba amempa fundi hadi Jumatatu.

Wako,
Mpangaji wa chumba cha nyuma