Bikoni yetu ina jina la mtu mwingine

Dunga, Kisumu
Jumapili, 6 Julai

Dada Mwanakombo,

Salamu za Dunga zikufikie wewe, mzee na watoto. Sisi hatujambo. Goti la mama limepoa kidogo, na amenionya nisifunge barua bila kukuambia kwamba ile halua ilifika salama na haikumaliza siku mbili. Kimya changu nisamehe. Tangu tuachane pale Mwembe Tayari sijatulia, na hata leo salamu si hoja. Nina jambo linaloninyima usingizi, na wa kunisaidia ni wewe uliyeko Mombasa.

Nilikwambia wakati wa mafunzo kwamba bichi yetu, yaani wavuvi wa ufuo wetu, imenunua bikoni, kile kifaa cha kuita waokoaji kupitia setilaiti. Ni ile ya mkononi, ya manjano, ya kufungwa kwenye jaketi la kuokolea. Walichanga wenyewe, kila boti kidogo kidogo, baada ya yale yaliyowapata vijana wa Omondi mwezi wa tatu. Sijui kama nilikusimulia mpaka mwisho. Waliingia ziwani wakati wa magharibi kwenda kutega omena. Usiku upepo ukageuka, gugumaji likaja zima zima kama shamba linalotembea, likawazingira. Injini haikufaa kitu, mizizi ilijisokota kwenye pangaboi lake. Simu zilizima usiku uleule. Walikaa humo siku mbili, na bibi yao alikaa ufuoni siku mbili hizo hizo na blanketi mapajani, akingoja mtu wa kumfunika. Walionwa na boti iliyopita kwa bahati tu. Kila nikimkumbuka bibi yule na blanketi lake...

Basi, bikoni. Ilinunuliwa kwa mtu, ishatumika, wazee wakafurahi kwamba wamepata kwa bei nafuu. Mimi niliporudi kutoka mafunzo, kitu cha kwanza nilichoomba ni kuiona. Nikaisoma lebo kama alivyotufundisha Mwalimu Karisa: betri bado ina muda, utepe haujakatwa, na zile tarakimu na herufi 15 za utambulisho wake zinasomeka vizuri. Nikaketi na simu, nikaziingiza kwenye tovuti ya Cospas-Sarsat, ule mradi wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, herufi moja moja. Jibu likaja: namba ya nchi 601.

Mwanakombo, sisi ni 634. Hiyo 601 ni Afrika Kusini!

Unaona tatizo. Nimejaribu kuwaeleza wazee mara tatu sasa. Mzee Ouko ananijibu, "Binti yangu, setilaiti haina mpaka, itasikia tu." Na ni kweli, itasikia. Bikoni ikiwashwa itarusha ule mlio wake wa nusu sekunde kwenye megahezi 406, kila baada ya sekunde 50 hivi, na huko juu utapokewa, uwe umetoka Lamu au kisiwa cha Mageta huku ziwani. Hilo sina shaka nalo. Lakini setilaiti haipandi boti. Anayeamka usiku ni mtu kwenye kituo cha uokoaji, na jambo la kwanza atakalofanya ni kutafuta bikoni hii ni ya nani. Namba za nchi zitampeleka Afrika Kusini. Kama huko imeandikishwa, atapiga simu kwa bwana fulani aliyeiuza zamani, naye atasema, "Mimi niko nyumbani kwangu, sina shida yoyote." Wewe unajua jinsi miito mingi ya bikoni inavyokuwa ya bahati mbaya, mtu kaibonyeza bila kujua. Sasa mtu wa kituo akiambiwa hivyo na mwenyewe, ataamini nini? Na wakati huo mtoto wa mtu yumo majini, ameinua antena, anaamini ameshaita.

Hapo ndipo panaponikera. Kijana asiye na kitu hurudi mapema akiona mawingu, lakini mwenye bikoni anaweza kusogea mbali zaidi kwa sababu anayo. Tungekuwa tumemtuma sisi.

Mama aliniuliza jana kama hiki kitu kimewahi kumwokoa mtu kweli au ni maneno ya mafunzo. Nikamweleza ile habari ya Kanada ya Septemba 1982: ndege ndogo ilianguka msituni, setilaiti ya Warusi ikasikia, watu watatu wakatolewa hai. Nikamwambia mradi wenyewe waliuanzisha Wamarekani, Warusi, Wakanada na Wafaransa mwaka 1979, wakati ambapo Wamarekani na Warusi hawakuwa wakisalimiana vizuri. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi hata wao walikubaliana juu ya mtu anayezama." Tangu hapo mama yuko upande wangu, na kesho ataongea na Mzee Ouko mwenyewe.

Sasa ninachokuomba. Nimeifunga bikoni kwenye kasha na kumkabidhi Otieno wa basi la usiku. Itafika kwako Jumatano alfajiri. Tafadhali ipeleke kwa yule fundi wa redio za meli aliyekuja siku ya mwisho ya mafunzo, yule mwenye kofia, akague kama anaweza kuiandika upya kwa namba za Kenya. Halafu iandikishwe kwa jina la bichi. Karatasi nimeiweka ndani: namba ya mwenyekiti, yangu, na ya mke wa Omondi. Nimemchagua yeye makusudi kwa sababu simu yake haizimwi, na anajua boti ipi imetoka na ina watu wangapi. Mwenye ofisi atataka namba za wakubwa, najua. Lakini wewe sisitiza mke wa Omondi asitolewe.

Nakusihi jambo moja. Watoto wasiiguse. Utepe usikatwe na antena isiinuliwe hata kwa kuonyeshana. Kitufe cha majaribio kibonyezwe mara moja tu, na fundi. Ikitokea imewaka kwa bahati mbaya, usiizime ukanyamaza. Piga simu kituo cha uokoaji hapo hapo Mombasa uwaambie, la sivyo wataendelea kututafuta.

Na haraka yangu unaielewa. Omena imefungwa tangu Aprili, inafunguliwa tarehe 1 Agosti, na vijana wana miezi minne ya njaa mfukoni. Usiku ule wa kwanza hakuna atakayebaki nchi kavu, upepo uwe unavuma usivume. Wakisubiri giza la mwezi, taa zao ziwake, utafikiri mji mwingine umejengwa ziwani. Nataka bikoni irudi kabla ya hapo, hata kama ni moja kwa boti zote. Tutapanga zamu, iende na boti inayofika mbali zaidi.

Mengine ni madogo. Sare ya kwaya imeshonwa, Akoth ameposwa (ndiyo, na yule yule), na redio ya VHF, ile ya kuita msaada kwa sauti, tuliyoahidiwa haijafika. Vijana nawafundisha hivyo hivyo kwa mdomo: meidei (ule mwito wa hatari) mara tatu, jina la boti, mahali ulipo, shida yako, idadi ya watu. Wanaanza kwa kucheka, lakini wakifika kwenye idadi ya watu wananyamaza.

Niambie, yule fundi bado yuko Mombasa au amesafiri na meli? Anatoza kiasi gani, nianze kuwaandaa wazee? Ikiwa haiandikiki upya, hiyo hiyo ya Afrika Kusini inaweza kubadilishwa mwenyewe kwenye daftari lao, au tununue nyingine? Utaweza kuifuatilia na mfungo wako wa Jumatatu na Alhamisi, au nimtume Akoth aje akusaidie? Mwalimu Karisa ulimwona tena? Na wewe ulipata ile kazi ya chumba cha redio, au bado wanakuzungusha?

Otieno atakupigia akifika. Amevaa jaketi la kijani, na nimemwambia kasha asimpe mtu mwingine ila wewe.

Ndugu yako,
Atieno