Barua kwa somo yangu wa Ruangwa

Newala, Agosti

Somo yangu,

Ule ujumbe wako wa sauti ulinikuta shambani kwa mjomba, nimejifunga kitenge puani maana walikuwa wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho. Dakika saba nzima! Pale uliposema "nina miaka ishirini na tisa, nitakaaje darasani na watoto?" mjomba alicheka mpaka akazima pampu. Nikaona kukujibu kwa simu hakutoshi. Barua anakuletea kijana wake anayepitia Masasi kuja huko, pamoja na kilo mbili za korosho. Ni za msimu uliopita, zikaange tena kidogo.

Wewe nesi unataka kurudi kusoma shahada, unauliza chuo kikubwa cha serikali kikoje. Mimi nimemaliza mwaka wa tatu wa udaktari, imebaki miwili na ule mmoja wa mazoezi hospitalini, kwa hiyo nitakwambia niliyoyaona.

Watu ni wengi, somo. Ukumbi unajaa hadi kwenye ngazi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri nikaweke daftari kwenye kiti, ndipo nirudi bwenini kuoga. Siku moja nikakuta daftari liko sakafuni na kitini amekaa mtu, hana hata habari. Kwenye chumba cha maiti tulizunguka mwili mmoja watu kumi na wawili, na kimo changu unakijua. Wiki ya kwanza ya anatomia nilisoma migongo ya wenzangu tu. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inawasha macho mpaka machozi yanatiririka, mtu akikuona atadhani unamlilia marehemu. Aliyeniokoa ni mzee mhudumu wa pale. Hakusema kitu, alisukuma ndoo kwa mguu mpaka nilipo, akaifudikiza, akaniambia, "Panda." Mkono mzima, kuanzia bega hadi vidole, nimeusoma nikiwa juu ya ndoo ile.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, nilipata moja, ya baiokemia. Nililia siku mbili, ya tatu nikafungua kitabu. Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kupo, lakini wanaotishia nako wengi wao wala hawajawahi kuuona huo mtihani.

Sasa kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa pili, kipindi cha minyoo na vimelea, mhadhiri aliweka picha ukutani: mzee amesimama, busha limefika magotini. Ukumbi ukaangua kicheko. Wewe wa Lindi huhitaji kuelezwa. Babu yangu mzaa baba alikuwa nalo miaka yote niliyomfahamu. Alivaa kanzu hata shambani, na sisi watoto tukidhani ni ucha Mungu. Nikainamia daftari. Nikaandika mnyoo unaoleta busha, nikaandika mbu anayeueneza, nikaandika ivamektini na albendazoli, dawa zilezile tulizokuwa tunamezeshwa shuleni, na mwandiko wangu wa siku ile hata mimi siusomi. Jirani yangu akaniuliza, "Hivi huu ugonjwa bado upo?" Nikamwambia upo. Sikumwambia uko wapi.

Haukupita mwezi, tukaingia kwenye virusi. Mhadhiri mwingine akaandika ubaoni "chikungunya", homa inayoenezwa na mbu, akauliza neno hili limetoka wapi. Mmoja akasema Kongo, mwingine akasema Ujapani. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikasema ni Kimakonde, ni habari ya kujikunja, ni la kwetu. Akaniambia nisimame, watu wote wanione. Kumbe mlipuko wa kwanza kuandikwa ulikuwa huku huku kwenye uwanda wa Makonde, mwaka 1952 hadi 1953, na jina lilitokana na jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Mbu wake si yule wa malaria. Huyu anauma mchana, na anazaliana kwenye maji yaliyotulia karibu na watu. Na Newala unaijua: maji yalikuwa yakiteremkiwa bondeni, yakishapandishwa yanatunzwa ndani kwenye mitungi kama dhahabu. Mbu alikuwa anafugwa nyumbani.

Nilipomsimulia bibi alinikazia macho. "Yaani walimuuliza mtu anaumwa nini, akawajibu amejikunja, wao wakaandika jina?" Akatikisa kichwa, akaendelea kupeta mtama wake.

Tangu siku hiyo darasani naitwa Chiku. Wapo wanaoamini kabisa ndilo jina langu. Ila mpaka leo najiuliza kwa nini sikunyoosha mkono ile siku ya picha.

Ndiyo maana hao watoto unaowaogopa hawanitishi kwa niaba yako. Watakushinda wiki za mwanzo, kwa sababu fizikia na kemia ya kidato cha sita bado i moto vichwani mwao. Subiri muingie wodini. Kuna mwenzetu wa alama A tupu alimuuliza mama mmoja kwenye raundi, "Maumivu yana tabia gani?" Mama akamjibu, "Tabia mbaya, mwanangu." Wewe umezalisha usiku na tochi ya simu mdomoni, hilo swali usingeliuliza hivyo.

Mengine ni ya karatasi. Kwa stashahada yako ya uuguzi, mlango ulio wazi ni shahada ya uuguzi, miaka minne. Udaktari kwa njia ya stashahada wanataka ile ya utabibu. Usiache kazi! Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, na nakala ubaki nayo. Omba namba ya uhakiki wa stashahada yako, ile AVN, kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada, leo hii, bila hiyo maombi yako hayasogei, na dirisha la maombi liko wazi sasa hivi. Likija la pili, nafasi za afya zinakuwa zimebaki za kuokoteza. Kuhusu hela, sisi wa mkopo Bodi ya Mikopo inatupa shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na bumu, yaani hela hiyo, likichelewa bweni zima linanuka maharage. Weka akiba yako pembeni.

Ukija kuaga, pitia hapa. Bibi anakusalimia mno. Magoti yanamsumbua tangu baridi hii ianze, lakini nikimuuliza yanaumaje hataki kuniambia. Anasema anamsubiri nesi.

Ni mimi somo wako,
Chiku wa Newala