Mheshimiwa Waziri, tenganisheni zabuni ya samani na zabuni ya kuta

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Sitataja jina lako wala wizara yako. Hii si kesi ya mahakamani, na sisi wa karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, bado tunatafuta kazi. Uliyekaa meza kuu wiki iliyopita kuzindua lile jengo jipya unajijua.

Hotuba ilikuwa nzuri. Ulisema tujivunie vya kwetu, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nilikuwa safu za nyuma kabisa, karibu na mafundi umeme, na macho yangu yalikuwa kwenye kochi ulilokalia. Lilikuwa bado na nailoni miguuni. Ngozi ya bandia, miguu ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu, lebo ya kiwanda cha ng'ambo inaning'inia kwa nyuma ambako kamera haifiki. Na ile meza ya mapokezi ambayo kila mgeni aliisifia ni unga wa mbao ulioshindiliwa, juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Katika nchi yenye mninga, mkongo na mvule, Mheshimiwa, tumeagiza picha ya mbao kwa meli.

Mimi ni mbunifu wa mambo ya ndani. Nimeisomea kazi hii chuo kikuu na ada ya usajili nalipa kila mwaka, ingawa mama yangu mpaka leo akiulizwa anasema binti yake anauza mapazia. Nilihamia Keko kwa hiari yangu. Wenzangu wengi walibaki kwenye ofisi zenye kiyoyozi wakichora kwenye kompyuta vitu vitakavyonunuliwa Guangzhou. Mimi niliona mchoro wangu ukae karibu na msumeno.

Nikukumbushe kwa adabu. Mwaka jana ulitutembelea. Ulivaa kofia ngumu, ukapiga picha umeshika randa (kinyume, lakini tuyaache hayo), kisha ukatuahidi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na waandishi kwamba samani za jengo lile zitatengenezwa na mafundi wa hapa hapa. Ukatuambia tuunde kikundi, tujisajili kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni kwa mtandao, halafu tukae mkao wa kula.

Tulikaa. Mpaka leo tumekaa.

Tulifanya yote uliyosema. Katiba ya kikundi, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, cheti hiki na kile. Kwa kuwa mbao haina haraka, tukachukua mninga kwa mkopo mapema, tukaupanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Mbao nene hukaa hivyo kwa miezi kabla haijafaa kuchongwa kiti cha ofisi. Mwenye mbao alitukopesha kwa sababu alikuona kwenye taarifa ya habari. Sasa hivi anapiga simu asubuhi kabla hata sijanawa uso, na mwenye karakana ameshafunga kufuli lake juu ya kufuli letu. Mninga wetu umo ndani, mkavu, tayari kwa kazi.

Zabuni ilipotoka tuliitafuta kazi ya samani hatukuiona. Haikuwapo. Ilikuwa imewekwa ndani ya mkataba wa mkandarasi mkuu, pamoja na nondo, zege na mabomba. Mkandarasi mwenyewe ni mzawa, sina neno naye katika hilo. Aliniomba michoro na bei "ya haraka haraka", nikampelekea. Baada ya hapo simu yangu haikupokelewa tena. Kilichofuata ni makontena.

Hapa ndipo penye kidonda, na naomba usome taratibu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatupendelea sana kwenye karatasi. Kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni za kampuni za wazawa. Asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi imetengwa kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Nani atakataa? Lakini samani, dari, makabati, taa na mapazia yakishaingizwa kwenye furushi la mkandarasi, ile asilimia 30 haiyaoni tena. Mkandarasi ananunua anakotaka. Hesabu zinasema kazi imefanywa na mzawa, na ni kweli: kuta ni za mzawa. Alichokalia Waziri ndicho si cha mzawa.

Halafu kuna vigezo. Niliwahi kuliona jedwali la vigezo vya kiti cha chumba cha mikutano kwenye zabuni nyingine. Kilikuwa kimenakiliwa kutoka katalogi, hadi aina ya gurudumu na namba ya rangi ya kitambaa. Fundi gani wa Keko, Mwanza au Moshi atatimiza namba ya rangi ya kiwanda ambacho hajawahi kukisikia? Zabuni haikusema kiti kibebe mtu wa kilo ngapi, kidumu miaka mingapi, kitengenezeke kikivunjika. Ilisema kiwe kile cha kwenye picha.

Kwa nini iwe hivyo? Nadhani nusu ni uvivu. Ni rahisi kunakili kuliko kufikiri, na kontena moja lina ankara moja. Nusu nyingine nasikia tu mitaani, kwamba kuna watu hulazimika kusafiri kwenda "kukagua samani kiwandani", na safari ina posho, na Keko haina posho kwa sababu inafikika kwa daladala. Sina ushahidi, na sitaki kuitwa kutoa maelezo. Ninasema tu kinachosemwa.

Najua maofisa wako watakujibu nini. Watasema mbao za Keko zinapinda. Mbao mbichi hupinda, iwe ya Keko au ya Italia, hasa ikiingizwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi kutwa. Dawa yake ni tanuri la kukaushia, na tanuri halinunuliwi kwa fedha ya kuuza stuli. Ile mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na sisi tungeiomba leo kama tungekuwa na mkataba mmoja tu wa kuonyesha kwamba tutairejesha. Mkataba hatuna kwa sababu hatuna tanuri. Kuku na yai, Mheshimiwa, na wewe ndiye mwenye banda.

Wakati huohuo mitiki ya shamba la Serikali la Longuza, kule Muheza, inapigwa mnada, na wanaoipeleka India wanaijua njia ya Longuza kuliko sisi tunaoishi na randa mkononi.

Watasema pia hatuna uwezo wa kubuni. Hilo linaniuma kuliko kufuli. Soko Kuu la Kariakoo, lile lenye paa la zege kama miavuli iliyopinduliwa, lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, miaka ya 1970. Miavuli ile ilikinga mvua na kuyapeleka maji kwenye matangi chini ya ardhi. Nchi ilikuwa na miaka kumi na kitu tangu uhuru, wasomi wa fani hii walikuwa wa kuhesabu, na bado Serikali ilimpa Mtanzania soko kubwa la mji wake mkubwa. Sasa tuna chuo kikuu kinachofundisha ubunifu wa ndani hapo Dar es Salaam, wahitimu wanatoka kila mwaka, na hatuaminiwi kochi.

Au tuseme tunaaminiwa kinyago. Maana kila jengo jipya lina kinyago kimoja cha Kimakonde mapokezi, kimepigiwa taa kwa chini, na hapo ndipo "utamaduni wetu" unapoanzia na kuishia. Ukipita ukiingia ndani zaidi hutajua uko Dodoma, Dubai au Istanbul. Ukili unaosukwa na akina mama wa pwani ungeweza kuwa dari inayopunguza mwangwi kwenye kumbi zenu, ambazo kwa kweli zina mwangwi mbaya. Hata hotuba yako nusu yake hatukuisikia. Nimechora dari hiyo. Michoro ninayo.

Na kazi si kwamba haipo, ndiyo maana siwezi kunyamaza. Kule Mtumba, mji wa Serikali Dodoma, majengo ya wizara yanapanda. Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Uwanja mpya wa Arusha peke yake ni wa watu 30,000, ukiacha hoteli, vyumba vya wageni na migahawa itakayofunguliwa kuwapokea watu hao. Vyote hivyo vina ndani. Kila mlango una kitasa, kila chumba kina kitanda. Vijana wa jipsamu wanaopamba sebule za Kigamboni na Mbezi kwa simu na kipimo cha mkononi wangepata kazi ya miaka. Wengi wao hawana hata habari kwamba kazi hiyo imeshagawanywa wakiwa usingizini.

Ombi langu, basi. Tenganisheni zabuni ya samani na mambo ya ndani na zabuni ya kuta. Itangazwe peke yake, kwa vipande ambavyo kikundi kinaweza kuvibeba, na vigezo viseme kitu kifanye nini badala ya kuonyesha picha yake. Nina mengine ya kuomba, malipo kwa wakati, tanuri la pamoja, lakini nayaweka kando. Hilo moja: tenganisheni.

Jengo la pili la taasisi yako sasa hivi liko kwenye msingi. Nimepita juzi, nondo bado zinachungulia angani. Samani zake hazijaagizwa, au kama zimeagizwa, basi mmetuwahi sana. Unaweza kuandika barua ya mistari mitatu na mambo yakabadilika kabla ghorofa ya kwanza haijamwagwa.

Na kama kutenganisha zabuni nzima ni jambo zito linalohitaji vikao na wataalamu, napunguza. Tupeni chumba cha mikutano peke yake. Hicho nacho kikiwa kizito, tupeni viti vya walinzi wa getini. Tutavichonga kwa mninga uliomo kwenye karakana iliyofungwa, mara tu mwenye karakana akiona barua yenye muhuri wako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mbunifu wa mambo ya ndani, kwa niaba ya kikundi cha mafundi seremala
Keko, Dar es Salaam