Binamu yangu, huyo askari wa c4 muachie aende

Binamu, najua bado umeninunia tangu Jumapili ila hii lazima nikuambie, maana ni mara ya tatu unafungwa kwenye chesi kwa ugonjwa uleule. Mimi nyeupe naanza na askari mraba wa d4, wewe wako d5, naweka mwingine c4, unamla askari wangu halafu unamkumbatia kama mtu aliyeokota elfu kumi kwenye daladala.

Sasa kacheki fainali ya Kombe la Dunia la chesi la wanawake, Julai 2025 kule Batumi, Georgia. Wahindi watupu: Koneru Humpy, miaka 38, grandmasta (cheo cha juu kabisa cha chesi) tangu 2002 akiwa na miaka 15, na Divya Deshmukh, kabinti ka miaka 19 ambako hata ugrandmasta kalikuwa hakajapata. Gemu ya kwanza Divya ana nyeupe, kafungua kwa Gambiti ya Malkia, yaani hiyohiyo d4 na c4 yangu, na Humpy akamla yule askari wa c4 kama wewe tu! Lakini mwenzio hali kwa tamaa. Nyeusi akila pale anajua askari mwenyewe atarudi, anachotaka ni nafasi ya kutoa farasi na maaskofu wake nje huku nyeupe anahangaika kumrudisha.

Wewe unafanyaje? Mimi e3, wewe b5 ili umlinde. Napiga a4, unaweka c6. Nakula b5, unakula na wewe, halafu malkia wangu anaruka f3 na ngome yako ya a8 iko uchi kabisa, njia nyeupeee. Hapo utamtoa kafara farasi au askofu uiokoe, ukipenda usipende. Huo mtego una miaka mia kadhaa binamu, na bado unaingia na viatu.

Divya alipata nafasi nzuri kwenye ile gemu ila Humpy akachomoka, sare. Ya pili sare tena. Tarehe 28 wakaenda gemu za haraka, ya kwanza sare, ya pili Divya ana nyeusi na saa inamkimbiza Humpy, mama wa watu akateleza, kabinti kakabeba kombe na ugrandmasta hapohapo. Nusu nilie, mimi niko upande wa Humpy toka zamani.

Jumapili nakuja na ubao. Nitaweka c4 tena, na chapati uandae wewe.