Siku 21 zinawakatisha tamaa wagonjwa wangu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya umewahimiza wasomaji waandike malengo makubwa, wayabandike ukutani, kisha wajikaze kwa siku 21 mpaka tabia mpya ijengeke. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nashughulika na watu waliopasuliwa goti na waliopatwa na kiharusi, na hizo siku 21 huja nazo kliniki.

Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Hakuwa akipima tabia, na hilo "angalau" limeshasahaulika. Waliopima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akirudia jambo moja alilojichagulia. Kwa wale ambao mwenendo wao ulipimika vizuri, idadi ya kati ilikuwa siku 66. Wa haraka alihitaji 18, wa mwisho alikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Naomba mrekebishe.

Hiyo ya kuruka siku ndiyo ningeipa kichwa cha habari. Mgonjwa mwenye lengo la kutembea bila mkongojo mwezi ujao akikosa mazoezi Jumanne, huona mwezi mzima umeharibika, na Jumatano hafanyi tena. Aliyeambiwa akunje na kunyoosha goti mara kumi kila akishapiga mswaki, akikosa asubuhi, usiku atapiga mswaki tena.

Kwa hiyo siulizi mtu ana nia kiasi gani. (Wote wanayo, hasa siku ya kwanza.) Nauliza: ukiamka unaketi wapi? Simu unaichajia chumba gani? Jambo gani hulikosi hata ukiwa na homa? Mzee mmoja alinijibu kwamba hakosi taarifa ya habari ya redio, tena kwenye kiti kilekile. Tukakubaliana: muhtasari ukianza kusomwa, ananyoosha mguu, anaushikilia hewani, anaushusha, hivyo hivyo mpaka zifike habari za michezo. Hapo aliweka masharti, michezo asisumbuliwe.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, alishaandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii: likitokea hili, nitafanya lile. Tukio lenyewe linakukumbusha, huna haja ya kungoja hamu ikujie. Hamu ya kunyoosha goti linalouma, kwa uzoefu wangu, haiji.

Malengo siyapingi. Faili la kila mgonjwa lina nafasi ya lengo nami huijaza, maana bila hilo sijui nianze na goti au nyonga. Lakini lengo linanisaidia mimi kuchagua zoezi. Karatasi anayoondoka nayo mgonjwa ina mstari mmoja: baada ya nini, afanye nini. Wengi hulalamika kwamba ni kidogo mno, hasa waliozoea kuamrisha wengine kazini. Nawaambia wafanye hicho hicho kwanza. Kuongeza tutaongeza wakirudi.

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
msomaji wenu wa kila siku